Neno "Haina Kitu"

Huenda wako wasomaji watakaostaajabu kukuta habari ya bunduki katika gazeti hili, ambalo husomwa nyumbani na akina mama na vijana baada ya sala ya Isha. Watasema: "Hayo ni mambo ya askari na wawindaji, sisi yatuhusu nini?" Jawabu letu ni hili. Bunduki iliyotufundisha haya tunayoyaandika haikuwa kambini wala porini. Ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya nyumba, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Na aliyeishika hakuwa askari wala mwindaji. Alikuwa mtoto wa miaka 12, aliyekuwa bado akifundishwa Juzuu Amma. Mtoto huyo ni sisi tuandikao haya.

Watu wa Bukoba na Muleba hawakuanza kuiona bunduki jana. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alijenga boma Bukoba kando ya ziwa, na askari wake walikuja na bunduki. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani siku mbili, wakauangusha mnara wa simu ya upepo, kisha wakaondoka. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Tanganyika waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, na wengine wakapelekwa hadi Burma. Na mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa wetu, ambao siku zile uliitwa Ziwa Magharibi na tangu mwaka 1979 unaitwa Kagera. Kila vita ilipokwisha iliacha bunduki nyuma yake. Tena iliacha jambo jingine lenye hatari zaidi: iliacha watu ambao, kwa kuwa wamewahi kuiona bunduki, wadhani kwamba waijua.

Lakini bunduki tutakayoisimulia haikutoka vitani. Ilikuwa mali halali ya mjomba wetu, naye alikuwa na kibali cha serikali mkononi. Alikaa upande wa Kamachumu, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Kila mtu wa huko ajua kwamba migomba na kahawa hukaa kibanjani kuizunguka nyumba, lakini mihogo, viazi na karanga mara nyingi hulimwa mbali kidogo, kwenye rweya, yaani uwanda wa majani. Huko ndiko nguruwe pori hufanya karamu yao usiku. Mjomba alikuwa akilinda mashamba yake na ya majirani. Mnyama alipouawa, sisi Waislamu hatukuwa na haja naye, na majirani zetu wasio Waislamu walikuja kumchukua kwa furaha. Hivyo bunduki ile ilipendwa na kijiji kizima.

Ilikuwa bunduki ya bolti, ya namna ya Kiingereza, yenye magazini ya risasi 10 inayoweza kuchomolewa. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, nasi tulitii. Ila tulitii kama watoto wanavyotii, yaani maadamu mtu mzima anatazama.

Ulikuwa mwezi wa Novemba 1968, siku za mwanzo za Ramadhani, na senene walikuwa wameanza kushuka. Usiku mmoja mjomba alirudi kutoka rweya karibu na wakati wa daku, amelowa mvua na kuchoka. Alichomoa magazini, akaitia katika mfuko wa koti lake. Akaiegemeza bunduki kwenye nguzo, na mkewe alipoitazama kwa wasiwasi, alimwambia maneno mawili: "Haina kitu." Nasi tulikuwa macho mkekani, tukayasikia. Mjomba akala daku, akasali Alfajiri, akalala.

Kulipopambazuka, sisi na binamu yetu, mwana wa mjomba huyo, tulirudi kutoka kuokota senene. Nyumba ilikuwa kimya. Binamu yetu alitutangulia kwa mwaka mmoja, na kwa hiyo alikuwa mwenye rai. Akasema: "Baba amesema haina kitu. Tazama, hata magazini haipo." Akaenda kwa mikono na magoti karibu na mlango, akakoroma kama nguruwe, akacheka. Sisi tukaichukua bunduki, ikatulemea, tukaielekeza kwake kama tulivyoona watu wazima wakifanya. Tukavuta.

Hatutaeleza zaidi ya inavyopasa. Risasi ilimpata katika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, ikazama katika sakafu ya udongo. Wanaume walikuja na machela, wakapokezana mabegani mpaka hospitali. Aliokolewa roho yake, Alhamdulillahi, lakini mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Alikuwa na miaka 13.

Mjomba hakutupiga. Twakumbuka kwamba tulingoja kipigo kwa siku nyingi, na laiti angalitupiga tungaliona nafuu. Siku ya saba au ya nane alituita chini ya mti wa kahawa, akasema: "Mwipwa wangu, wewe ulivuta chuma, lakini mimi nilitangulia kuvuta neno. Nilisema haina kitu, nami sikutazama." Baadaye aliipeleka bunduki ile kwa polisi pamoja na kibali chake, akaiacha huko. Msimu ule nguruwe walikula mihogo yake nusu shamba, naye hakusema lolote.

Ndugu wasomaji, miaka mingi imepita. Tumekuwa wazee, nasi tumejifunza jinsi bunduki ile ilivyotudanganya. Twataka kuieleza elimu hiyo kwa maneno mepesi, kwani mtu hujilinda na kile akijuacho.

Bunduki ya bolti ina mahali pawili pa kukaa risasi. Pa kwanza ni magazini, ambayo ni mfano wa ghala. Pa pili ni chemba, nalo ni tundu lililo nyuma ya mtutu, ambamo huingia risasi moja tu, ile iliyo tayari kuondoka. Kati ya mahali hapo pawili iko bolti, nayo ni mfano wa komeo la mlango. Ukiuinua mkono wa bolti na kuuvuta nyuma, bolti huchomoa kilichomo chembani na kukitupa nje. Ukiusukuma mbele, huokota risasi ya juu katika magazini na kuitia chembani. Ukiulaza mkono chini, mlango umefungwa, na bunduki yangoja kidole.

Kutokana na hayo huzaliwa makosa mawili, nayo ni ndugu pacha. Kosa la kwanza ni la mjomba wetu. Alipokuwa rweya alisikia mchakacho gizani, akaivuta bolti na kuisukuma. Risasi moja ikaingia chembani. Mnyama hakutokea. Aliporudi nyumbani alichomoa magazini, akadhani ameondoa kila kitu, na kumbe ameliondoa ghala na kumwacha mgeni chumbani. Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu hufungua bolti, risasi ya chembani ikaruka nje, akafurahi. Kisha akaifunga tena bolti hali magazini imejaa. Kwa kuifunga ametia risasi nyingine palepale alipotoa ya kwanza. Huyu ameitoa risasi kwa macho yake mwenyewe, na ataapa kwamba bunduki ni tupu, naye atakuwa mkweli wa moyo na mwongo wa jambo.

Kwa hiyo utaratibu wa kuitoa risasi hauna budi kufuatwa kwa mpango, kama udhu ulivyo na mpango wake. Kwanza, mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka haitadhuru mtu: kwenye lundo la udongo au kwenye ardhi laini isiyo na mawe, wala si kwenye paa wala ukuta wa chumba, kwani nyuma ya ukuta wako watu. Pili, kidole kikae nje ya kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, kimenyooka juu ya mti wa bunduki. Tatu, ghala litangulie: magazini ichomolewe. Nne, bolti ifunguliwe na kuvutwa nyuma kabisa, na kitokacho kionekane kimeanguka wapi. Tano, chemba itazamwe kwa jicho, kisha iguswe kwa ncha ya kidole, kwa sababu gizani jicho hudanganyika. Sita, bolti iachwe wazi.

Ziko bunduki nyingine, kama zile za namna ya Kijerumani ziitwazo Mauser, ambazo magazini yake imo ndani ya mti na hukaa risasi 5. Hiyo haichomolewi kwa urahisi kama ile ya Kiingereza. Baadhi yake zina kifuniko chini kinachofunguka. Na zisizokuwa nacho, bolti huvutwa na kusukumwa mpaka risasi zote zitoke moja moja, hali mtutu umeelekea mahali pa salama na kidole kiko mbali na triga. Kisha huja lile lile la jicho na kidole. Risasi zihesabiwe, zikipungua hesabu moja, moja hiyo itafutwe kabla ya jambo jingine lolote.

Mtu aweza kuuliza: "Je, kile kizuizi cha usalama si kimewekwa kwa ajili hiyo?" Naam, kimewekwa, na yapasa kitumiwe. Lakini kizuizi ni chuma, na chuma huchakaa, hushika kutu, husukumwa na nguo au tawi bila mtu kujua. Anayekitegemea peke yake ni kama mtu aliyefunga mbuzi kwa jani la mgomba bichi, akaenda zake sokoni. Kizuizi ni cha kuongezea hadhari wala si cha kuichukua nafasi yake.

Na kwa yule ambaye kazi yake halali inamlazimu kutembea na bunduki yenye risasi, kama mlinzi wa shamba au askari wa wanyamapori, twasema haya ambayo mkufunzi mmoja wa mgambo alitufundisha ujanani kwa ukali, Mungu amlipe kheri. Chemba iwe tupu wakati wa safari. Usipande ua, usivuke kijito, usiketi nyuma ya pikipiki hali risasi imo chembani, kwani kuteleza hakubishi hodi. Risasi itiwe chembani pale tu umesimama imara, umeona shabaha yako kwa yakini, na umejua kilicho nyuma yake. Na kazi ikiisha, itolewe huko huko shambani. Kizingiti cha nyumba kiwe mpaka: risasi isikivuke ikiwa ndani ya bunduki.

Tumetaja kilicho nyuma ya shabaha, na hapa twataka watu wa nchi yetu wasikilize. Risasi ya bunduki ya namna hii yaweza kwenda kilomita 3 na zaidi isipozuiwa. Na katika nchi yetu nyumba hufichwa na migomba. Mtu husimama pembezoni mwa kibanja, akaona majani tu mbele yake, akadhani hapana watu, na kumbe nyuma ya majani yale mama anamenya ndizi na watoto wanacheza. Wala asiseme mtu kwamba mgomba utaizuia risasi. Mgomba ni maji na nyuzi. Panga hulikata shina lake kwa pigo moja, sembuse risasi. Na wenzetu wa kandokando ya ziwa wanaosumbuliwa na viboko wajue kwamba risasi ikipiga maji kwa ubavu huruka kama kijiwe warushacho watoto, ikaenda isikotazamiwa; na ziwani hakukosekani mtumbwi.

Jambo la mwisho katika elimu hii: ikiwa umevuta na bunduki ikalia tik bila kulipuka, usiifungue papo hapo wala usiigeuze kuitazama mdomoni. Yamkini baruti imechelewa tu. Iache imeelekea pale pale, uhesabu nusu dakika au zaidi, ndipo uifungue bila kuuweka uso wako nyuma ya bolti.

Hayo ndiyo ya chuma. Sasa tuje kwenye ya moyo, ambayo kwetu ndiyo shina la maneno haya.

Katika nyumba zetu mdogo hamhoji mkubwa. Mkubwa akisema "haina kitu," mdogo hupokea kwa mikono miwili na kuitika "Naam." Adabu hiyo ni njema, nasi hatutaki ipotee. Walakini mara nyingi imetumiwa mahali si pake. Kijana hupewa bunduki na baba yake mdogo, akaona haya kuifungua mbele yake, asije akaonekana amemsadiki nusunusu. Mkubwa naye akiona kijana amefungua bolti baada ya yeye kusema, hukunja uso: "Unanifanya mwongo?" Kwa haya ya mmoja na kiburi cha mwingine, risasi hukaa chembani ikingoja.

Basi tutazame adabu ya kweli iko wapi. Mtume Muhammad s.a.w. alikataza watu kupokezana upanga ulio uchi, yaani uliochomolewa alani mwake. Hadithi hiyo imepokewa na Jabir. Na Abu Musa amepokea kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni ameamrishwa azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na Abu Hurayra amepokea makatazo ya mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa hajui, huenda Shetani akauchokoza mkono wake naye akatumbukia Motoni. Tena imekuja kwamba Malaika humlaani afanyaye hivyo mpaka aache, hata kama amwelekezeaye ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Tazameni, ndugu zetu, jinsi makatazo hayo yalivyougusa mchezo wetu wa mwaka 1968 kana kwamba yamesemwa mlangoni mwa nyumba ile. Nani adhaniaye kwamba mtu atamuua ndugu yake wa damu? Ndiyo maana amekatazwa hata huyo asiyedhaniwa.

Upanga una ala, nasi twauliza: Ala ya bunduki ni nini? Twaona kwamba ala yake ni bolti iliyo wazi na chemba iliyo tupu. Mwenye kumpa mwenzake bunduki iliyofungwa, akasema kwa mdomo tu kwamba haina kitu, amempa upanga ulio uchi. Na mwenye kuifungua, akatazama, akaigusa chemba, kisha akampa mwenzake ikiwa wazi ili naye atazame, huyo ndiye mwenye adabu. Na yule mpokeaji akitazama tena, hajamtukana aliyempa. Amefuata njia ile ile, nao wawili wameshirikiana katika amana moja.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliye na yakini ya udhu, kisha akashuku kama umetenguka, hubaki na udhu wake. Basi twawaomba vijana waiweke kanuni hiyo katika bunduki, lakini wajue asili yake iko upande gani. Asili ya bunduki ni kwamba ina risasi. Hiyo ndiyo yakini yake, usiku na mchana, mkononi mwa mzee na mkononi mwa mtoto. Neno la mtu, au magazini kutokuwapo, au vumbi lililoifunika, yote hayo ni dhana tu. Haiondoki yakini hiyo ila kwa yakini nyingine, nayo ni jicho lako na kidole chako ndani ya chemba. Na ukiiweka chini, ukaenda kunywa maji na kurudi, yakini ya kwanza imekwisha rudi mahali pake, anza upya.

Wala asijiliwaze mtu kwa kusema: "Nikikosea ni bahati mbaya, sikukusudia." Katika Sura ya Nne, Annisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameieleza hukumu ya Mwislamu amwuaye Mwislamu kwa kukosea, wala hakumwacha aende zake. Amemwekea kumwacha huru mtumwa aliye mwenye kuamini, na diya ifikishwe kwa watu wa aliyeuawa, ila wakisamehe. Na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo, iwe toba yake. Fikirini juu ya siku hizo 60 hivi, mtu akifunga na kufungua peke yake, kijiji chote kikijua kwa nini anafunga. Kutokusudia humwondolea mtu dhambi ya muuaji wa makusudi. Hakumwondolei deni la uzembe wake.

Tumeyaandika haya sasa kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka 2021. Mzee mmoja wa ukoo wetu alifariki huko Muleba, Mwenyezi Mungu amrehemu, na baada ya siku za matanga tulialikwa pamoja na wazee wengine kushuhudia hesabu ya mali yake kabla ya mirathi. Vilihesabiwa kibanja, ng'ombe, baiskeli, na sanduku la vitabu. Kisha kijana mmoja akatoa chini ya kitanda kitu kirefu kilichoviringwa katika lubugo kuukuu. Ilikuwa bunduki ya bolti, ya zamani, ambayo watoto wa nyumba ile walikuwa wakiirukia kila walipocheza kitandani. Kijana akaishika kwa mikono miwili, mtutu ukapita mbele ya nyuso za watu wote waliokaa mkekani, akasema: "Msiogope, wazee wangu. Baba siku zote alisema haina kitu."

Binamu yetu alikuwa ameketi kando yetu. Ni mzee mwenye ndevu nyeupe sasa, na watu hawaulizi tena habari ya mkono wake. Hakupaza sauti. Aliunyanyua tu ule mkono uliokatwa, mkono wa shati ukateremka, akasema: "Mwanangu, na mimi baba yangu alisema hivyo hivyo. Iweke chini taratibu, ielekee ule udongo wa nje, utoke." Kijana akatii. Watoto wakapelekwa kwa jirani, na polisi wakaitwa. Askari aliyekuja alikuwa kijana mpole. Aliipiga magoti mbele ya lundo la udongo, akahangaika na bolti iliyokamatwa na kutu, na ilipokubali kurudi nyuma, ikadondoka chini risasi moja iliyogeuka rangi ya kijani kwa ukale. Mjane wa marehemu alikuwa amelala juu ya risasi ile miaka mingi. Alipoiona aliketi chini pale uwanjani, akafunika uso kwa kanga.

Katika jambo hilo mna mafunzo mengine mawili kwa wenye nyumba. La kwanza: bunduki ya zamani usiyoijua, yenye kutu au iliyofungwa miaka mingi, usiijaribu wewe mwenyewe kwa utaratibu tuliouandika hapo juu. Iache ilipo, ondoa watu, mwite anayehusika. La pili: bunduki si kama kibanja wala ng'ombe, ambavyo hugawanywa kwa mafungu ya Qurani na kuchukuliwa na warithi jioni ile ile. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya bunduki hupewa mtu kwa jina lake. Mwenye leseni akifa, warithi wasiifiche kwa kuona haya au kwa tamaa. Waipeleke habari kituo cha polisi, waelekezwe. Mwenye bunduki halali naye, angali hai, na aiambie familia yake iko wapi, aifungie kwa kufuli, aziweke risasi mahali pengine penye kufuli jingine, na funguo zisining'inie ukutani mbele ya watoto.

Na enyi akina mama, msidhani kwamba jambo hili ni la wanaume. Mke wa mjomba wetu aliitazama ile bunduki usiku ule kwa wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Alinyamazishwa kwa maneno mawili. Laiti angalisema kwa upole: "Bwana, naomba uifungue nione," mwanawe angalikuwa na mikono miwili hata leo. Mwanamke yeyote ambaye bunduki inaingia nyumbani mwake ana haki ya kuomba hivyo, na mume mcha Mungu hatakasirika.

Nanyi vijana, mkipewa bunduki na mtu akawaambieni kwamba haina kitu, msibishane naye, wala msimwamini. Semeni "Naam," kisha uelekezeni mtutu ardhini, fungueni, mtazame, mguse. Binamu yetu hutusaidia kusomesha watoto Qurani hata sasa, hushika msahafu kwa mkono wake mmoja, nasi humfungulia kurasa. Hajapata kutulaumu hata siku moja tangu mwaka 1968. Lakini kila tufunguapo ukurasa twajua kwa nini tunaufungua sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, atujaalie kuwa watu wa amana katika mikono yetu na katika ndimi zetu, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.